Gereji ya Wasomaji: Nataka kufungua taa za gari nyumbani, nianzie wapi?

Barua za taa zimekuwa nyingi, nadhani ni kwasababu ya mvua na ukungu, watu wakiona giza wanakumbuka taa. Nimechagua chache. Ya kijana wa Mwanjelwa nimeipa nafasi kubwa manake anauliza yale ambayo wengi wanayafanya kimyakimya uani kwao bila kuuliza mtu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina IST, niko Mwanjelwa hapa Mbeya. Nataka nifungue taa za mbele mwenyewe nyumbani, ndani nipulizie rangi nyeusi, niweke projekta na zile ringi zinazowaka duara, afu nifunge LED nimeziona dukani boksi limeandikwa wati 200 lumeni 20,000. Shida ni kufungua kioo, rafiki yangu anasema nimwagie maji ya moto, mwingine anasema niishikilie juu ya jiko la mkaa. Lipi sahihi? Na trafiki hawatanisumbua?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikuombe kitu kimoja, kabla hujafungua chochote pima umeme unaofika kwenye balbu zako. Watu wengi wanaokuja wanasema taa zimefifia wanataka LED, ukipima unakuta balbu ni nzima kabisa ila umeme unaishia njiani. Washa injini, washa dimu, weka mita ya kupimia volti kwenye betri, utapata kama volti 13.8 mpaka 14.4 altaneta ikiwa nzima. Halafu pima nyuma ya soketi ya balbu ikiwa imewaka. Tofauti ikizidi nusu volti hapo una tatizo la waya, ama ethi, ule waya wa hasi, imeota kutu pale inapofungwa kwenye bodi. Na hili sio dogo, balbu ya haloji, hii ya kawaida yenye kiwaya ndani, ukiipunguzia volti kwa asilimia 10 tu mwanga unashuka karibu asilimia 30. Yani unaweza ukasugua ethi kwa msasa, ukafunga tena vizuri, ukapata mwanga ambao ulikuwa unaenda kuununua.

Kama waya ndo umechoka, funga relei, kile kiswichi kinachoamshwa na umeme mdogo kipitishe umeme mkubwa. Relei mbili, moja ya dimu moja ya fulu, waya mnene wa milimita za mraba 2.5 utoke betri moja kwa moja kupitia fyuzi iliyo karibu na betri. Mguu wa 30 unapokea umeme wa betri, wa 87 unaupeleka kwenye balbu, 85 na 86 ni za kuiamsha relei, kwahiyo waya wa zamani wa swichi sasa kazi yake inakuwa kuamsha relei tu, haubebi mzigo. Ila sikia, Toyota nyingi swichi ya taa inakata upande wa ethi, sio upande wa chanya kama wengi wanavyodhani, usiunge kwa mazoea, pima kwanza au muite fundi rewaya anayejua Toyota akae na wewe hiyo saa moja.

Sasa kuhusu boksi la lumeni 20,000, lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Balbu ya H4 ya kawaida, hii iliyoanza kutumika mwaka 1971 na mpaka leo iko kwenye magari mengi tunayoendesha huku, ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, na mwanga wake ni lumeni 1,650 kwa fulu na 1,000 kwa dimu. Basi. Huo mwanga ukikaa sehemu yake unatosha kukufikisha Tunduma usiku. Kabalbu ka LED kanakoenea kiganjani kakitumia kweli wati 200 joto lake hakana pa kulipeleka, kataungua mapema sana, kwahiyo ile namba ya kwenye boksi ni ya kuuzia. Na hata ingekuwa kweli, mwanga mwingi sio hoja, hoja ni mwanga unatokea wapi. Ndani ya H4 kile kiwaya cha dimu kina kikombe kidogo cha bati chini yake, kinaziba nusu ya mwanga ili usipande juu. Rifleka ya gari lako, ile sehemu ya ndani inayong'aa na kurudisha mwanga mbele, imechongwa kufuata pale kiwaya kilipo. Ukiweka LED ambayo chipu zake hazikai palepale, mwanga unatawanyika kila mahali, wewe unaona miti ya mlima Loleza inang'aa unafurahi, kumbe anayekuja mbele haoni barabara. Hili ndo linaloniuma kwenye hii biashara yote ya taa. Ukiamua LED lazima, chukua yenye chipu nyembamba, yenye kikombe cha dimu, ukishaifunga chipu ziangalie kushoto na kulia sio juu na chini, halafu piga dimu ukutani. Usipoona mstari uliokatika wazi, giza juu mwanga chini, irudishe dukani.

Ndo maana wazo lako la projekta nalikubali kuliko la LED. Projekta ina bati lake ndani linalokata mwanga na lenzi ya kuusambaza, ikifungwa sawa inaheshimu watu. Ikifungwa imepinda nayo ni hatari vilevile, kwahiyo kabla hujaibana moja kwa moja hakikisha mstari wake ukutani umelala usawa.

Haya, kufungua. Jiko la mkaa hapana kabisa, moto wa wazi hauna kipimo, plastiki itajikunja upande mmoja wakati upande wa pili gundi bado ngumu. Maji ya moto nayo siyapendi, kwanza yanaingia ndani yanaacha madoa kwenye rifleka, pili hapa kwetu Mbeya tuko juu kama mita 1,700 maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ukiyamwaga yakafika kwenye taa ya baridi yameshapoa zaidi, gundi hailainiki sawasawa. Kinachofanya kazi ni oveni ya umeme. Toa bampa, toa taa, toa balbu zote, mipira ya nyuma, skrubu na vibanio vyote vya chuma, weka kipande cha mbao ndani ya oveni ili taa isiguse bati, nyuzi 100, dakika 8 mpaka 10. Vaa glavu nene, anzia kwenye kona kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, ingiza kidogo, zungusha kidogo, sogea. Gundi nzuri ya kiwandani inavutika nyeusi kama bigijii. Ikipoa kabla hujamaliza rudisha oveni, usilazimishe. Na kuna taa nyingine, hasa za magari ya miaka ya karibuni, zimegandishwa na gundi ngumu isiyolainika kwa joto hata ufanyeje. Ukirudisha oveni mara ya pili haijatikisika, achana nayo, utavunja kioo.

Rangi puliza kwenye fremu tu, ile pambo la plastiki linalozunguka. Rifleka yenyewe usiiguse, hata kuifuta kwa kitambaa usiifute, ule ung'avu ni utando mwembamba sana unatoka na kidole. Na rangi ikauke kabisa, ipe siku kadhaa kwenye joto, kwasababu ukifunga ikiwa bado inatoa harufu ule mvuke ukipata joto la balbu unakwenda kuganda ndani ya kioo, utaona ukungu mweupe ambao hauishi.

Kufunga tena tumia gundi ya kamba ya butili, ileile aina ya kiwandani. Ile silikoni inayonuka siki usiitumie, mvuke wake una asidi unakula rifleka. Lisha gundi mfereji wote, rudisha oveni dakika chache, bana na klampu, rudisha skrubu. Na balbu ya haloji usiishike kioo chake kwa vidole, mafuta ya ngozi yanafanya sehemu moja ipate joto kuliko nyingine inakatika mapema. Ukiigusa, ifute kwa spiriti.

Ringi zako ziwe nyeupe. Bluu na nyekundu mbele ya gari usiweke, hizo ni rangi za magari ya dharura, na askari akikusimamisha hapo sioni utakachojitetea nacho.

SWALI: Ndaga fundi. Mimi ni dada wa Tukuyu, zamu yangu ya kazi inaisha usiku, napita Isyonje mara nyingi ukungu unakuwa mzito mpaka naendesha kwa kuchungulia. Mume wangu anataka tufunge zenoni, zile balbu za gesi zenye mwanga wa bluu, anasema ndo zinapiga mbali. Shemeji yake anasema njano ndo inapenya ukungu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndaga dada yangu, na pole na hiyo njia, Isyonje ukungu ukishuka unashuka kweli.

Shemeji kakaribia, ila sio kwa sababu anayoidhani. Matone ya ukungu ni makubwa sana kulinganisha na mawimbi ya mwanga, yanarudisha njano na nyeupe karibu sawasawa, kwahiyo hakuna rangi ya kupenya kimuujiza. Tofauti iko kwenye jicho. Bluu inachosha jicho na kung'aza zaidi, njano inatulia. Ufaransa magari yao yalilazimishwa kuwa na taa za mbele za njano mpaka mwaka 1993, na walipoacha njano waliacha kwa ajili ya kulingana na nchi jirani za Ulaya.

Kinachokusaidia kwenye ukungu ni taa iwe chini na mwanga wake uwe mpana na bapa, ndo maana taa za ukungu zinakaa kwenye bampa karibu na lami. Mwanga unapita chini, unakuonesha mstari wa barabara na ukingo, haurudi machoni. Ukiwasha fulu kwenye ukungu unajijengea ukuta mweupe mwenyewe. Kwahiyo dada, fedha ya zenoni nunua taa za ukungu nzuri za haloji, njano ukipenda, zifungwe chini na ziangalie chini, washa hizo pamoja na dimu.

Bluu za mume wako ziache. Kwenye maboksi wanaandika 4300, 6000, 8000 watu wanadhani namba ikiwa kubwa ndo mwanga mkubwa. Hapana, hiyo ni rangi. 4300 ni nyeupe yenye unjano kidogo na ndo inatoa mwanga mwingi, 8000 ni bluu na mwanga umepungua, kwenye lami iliyolowa unaweza ukadhani taa hazijawaka. Pia zenoni ikiwa inawaka mara ya kwanza inapigwa umeme wa zaidi ya volti 20,000, sio kitu cha kufungiwa na mtu anayejifunza halafu waya ukae karibu na maji ya mvua za Rungwe.

SWALI: Fundi mimi ni dereva wa lori, njia yangu Dar mpaka Tunduma miaka mingi. Naomba uwaambie hawa wenye magari madogo, mteremko wa Kitonga usiku tunateseka. Unashuka na mzigo, kona, kulia korongo, kushoto ukuta, linakuja gari dogo taa zake hata akiweka dimu ni fulu. Unampigia akupe dimu naye anakupiga fulu kukuonesha kwamba ile ndo ilikuwa dimu. Naomba uandike.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Naandika, na naomba kila mwenye gari dogo asome hapa taratibu.

Wengi sio wakorofi, hawajui tu taa zao ziko wapi. Wamebadilisha balbu hawakulaza taa, au wamebadilisha springi, au wamebeba. Noah ikitoka Njombe na magunia ya viazi nyuma, matako yamekaa chini pua iko juu, dimu yote inaenda machoni kwa watu. Magari mengi yana kirungu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0, watu hawajawahi kukigusa toka wanunue gari. Hicho ni cha kushusha taa ukiwa na mzigo. Ukipakia zungusha, ukishusha mzigo rudisha 0.

Kupima nyumbani hauhitaji mashine. Tafuta ukuta na sehemu tambarare kweli, huku milimani ndo kazi, yadi ya kanisa au ya shule inafaa. Matairi yawe na upepo sawa, mtu akae kwenye siti ya dereva. Sogeza gari karibu na ukuta, weka alama ya tepu usawa wa katikati ya kila balbu. Rudi nyuma mita 5 kutoka ukutani, washa dimu. Ule mstari wa kukatika mwanga unatakiwa uwe sentimita 5 chini ya tepu, au chini kidogo ya hapo. Ukiwa usawa wa tepu au juu yake, hizo ndo taa anazozilalamikia mzee. Nyuma ya taa kuna skrubu ya kurekebishia, zungusha kidogo kidogo uone mstari unashuka. Hesabu yake rahisi, taa iliyo sentimita 65 kutoka chini ikilazwa hivyo mwanga wake unagusa lami mita 65 mbele, kwa mwendo wa kushuka Kitonga inatosha kabisa.

Na mwenye gari dogo ukipigiwa na lori usijibu kwa hasira. Yule ana tani nyuma yake na breki anazitunza mpaka Ruaha Mbuyuni, sekunde mbili tatu asizoona ni nyingi mno pale. Kama huna uhakika na taa zako punguza mwendo, kaa kushoto, mpishe.

SWALI: Kamwene fundi. Taa zangu za Spacio zimekuwa njano kama chai, niko Ipogolo Iringa. Nimesugua kwa dawa ya meno zikang'aa, baada ya wiki kadhaa zimerudi vilevile. Kuna mtu kanionesha dawa ya mbu ya kupaka mwilini, kapaka taa yake ikang'aa palepale. Nitumie?

JIBU: Kamwene. Dawa ya mbu usiguse. Zile zenye kemikali ya diiti zinayeyusha uso wa plastiki, kinachong'aa pale ni plastiki iliyolainika, baadae inanata vumbi na kupasuka vinyufa vidogo ambavyo hata msasa hauvitoi. Petroli na thina ni hivyohivyo.

Kioo cha taa sio kioo, ni plastiki ngumu iliyopakwa kliya kiwandani kuzuia jua. Ile kliya ikiisha jua linaunguza plastiki yenyewe. Na usidanganyike na baridi ya Iringa, mionzi ya jua inayoharibu inaongezeka kama asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwahiyo gari linalolala juani nyanda za juu linapigwa kuliko unavyohisi kwenye ngozi.

Dawa ya meno ni msasa laini tu, inang'arisha haikingi. Fanya hivi, zungushia tepu ya karatasi kwenye rangi ya gari, lowesha, anza na msasa wa maji namba 1000, kama imechakaa sana anza 800, halafu 1500, 2000, umalizie 3000, maji muda wote, kila namba usugue mpaka mikwaruzo ya namba iliyopita iishe. Itaonekana nyeupe yenye ukungu, usiogope, piga polishi itafunguka. Kisha, na hapa ndo wengi wanaachia, puliza kliya yenye kinga ya jua, ile ya kuchanganya na hadina ya kuigandisha ndo inadumu. Usipopaka kliya umefanya kazi ya bure, umeondoa hata kinga kidogo iliyokuwa imebaki.

SWALI: Niko Mafinga. Asubuhi taa ya kushoto inakuwa na jasho ndani. Fundi kaniambia tutoboe tundu chini maji yatoke.

JIBU: Asitoboe. Taa inapumua yenyewe, nyuma ina vibomba vidogo vya mpira vya kuingiza na kutoa hewa. Kwa baridi ya Mafinga jasho jepesi asubuhi ni kawaida, ukiwasha taa ukaendesha nusu saa likaondoka hamna ugonjwa. Ukiona maji yamesimama kabisa kama bakuli, hapo kuna ufa au gundi imeachia. Ila angalia kwanza kifuniko cha nyuma. Waliofunga LED zenye feni wanakiacha wazi kwasababu feni haienei, maji na vumbi vinaingia kama nyumba isiyo na mlango. Tundu likitobolewa linaingiza zaidi ya linavyotoa, kila ukipita dimbwi.

SWALI: Kaka fundi, nipo Makambako, taa za Prado yangu zilivunjika nimepata nyingine used zimetoka Dubai bei nzuri, muonekano uleule, soketi uleule. Nifunge?

JIBU: Kaka, usifunge kabla hujaziwasha ukutani. Dubai wanaendesha upande wa kulia, sisi tunaendesha kushoto. Dimu yoyote ile mstari wake haulingani pande zote, upande mmoja unapanda juu kidogo ili kuonesha pembeni mwa barabara, watembea kwa miguu na vibao. Kwetu unatakiwa upande kushoto. Za huko zinapanda kulia, yani moja kwa moja kwenye uso wa anayekuja, na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo kwasababu limechongwa ndani. Ni shida hiyohiyo kwa malori yaliyotoka Ulaya bara na usukani wa kushoto.

Za Japani, Uingereza na Afrika Kusini zinafaa, wote wanaendesha kushoto kama sisi. Muuzaji akubali uunge waya wa betri palepale dukani, uipige taa ukutani. Mstari ukipanda kulia mrudishie hata kama kapunguza bei tena.